Gogo la Bibi Mize na Zizi la Akida

Kila asubuhi, kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, Kidawa alikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kufagia ua, na kumfukuza Kishungi, kuku wa bibi yake, asiingie jikoni. Mbili za kwanza alizimaliza upesi. Ya tatu haikuisha kamwe, kwa kuwa Kishungi alikuwa mkaidi, na hata katika zile zama za Wadachi wa Ujerumani, zama za amri kila kukicha, hakukuwa na mtu aliyeweza kumwamrisha kuku yule.

Kidawa alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake, Matano, alifariki angali mdogo, na mama yake akaolewa tena kisiwani Juani. Yeye alibaki katika mtaa wa Ndagoni na Bibi Mize, mama mzazi wa baba yake. Riziki yao ilitoka mnazini. Walikausha mbata wakauza, walisuka makuti, walikamua mafuta, na wali wao ulipikwa kwa tui la nazi zao wenyewe. Basi minazi ilipopiga chafya, nyumba nzima iliugua.

Nyuma ya nyumba lililala gogo kubwa la mnazi. Desturi ya watu wa pale ni hii: mtoto akizaliwa, kitovu chake huzikwa ardhini na mnazi hupandwa papo hapo, ukawa wake maisha yake yote. Gogo lile lilikuwa mnazi wa kitovu wa Matano. Upepo wa masika uliopita uliuangusha, na Bibi Mize akakataa katakata usikatwe kuni. Kila siku alikalia gogo lile akasuka ukili wa mikeka, na mara nyingine Kidawa alimsikia akizungumza nalo kwa sauti ya chini.

Asubuhi moja Kidawa aliokota kuti changa uani. Lilikuwa bichi kabisa, lakini limekatwa meno meno pembeni, utadhani mtu alilichezea kwa mkasi.

"Shikamoo bibi. Hebu tazama hili."

"Marahaba mjukuu wangu." Bibi Mize alilishika kuti, akaligeuza, uso ukambadilika. "Chonga! Chonga wameingia kwetu."

Kidawa alimjua chonga. Ni mdudu mweusi mnene, mwenye pembe puani, ambaye hutoboa mnazi juu kileleni na kuula moyo wake. Mnazi ulioliwa moyo hauna dawa. Kabla hajauliza neno, mbiu ya jumbe ililia. Pembe ile ikipulizwa, ujue kuna jambo, na watu huacha kila walilonalo mkononi. Kidawa alitupa ufagio akakimbia.

Barazani kwa Jumbe Shamte palikuwa pamejaa. Jumbe alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa, naye ndiye aliyesimamia mambo ya mtaa. Kando yake alisimama mkubwa wake, Akida Awadh, amevaa kanzu nyeupe na kilemba cha hariri. Akida huyu alizaliwa pale pale Ndagoni, babu yake Mwarabu wa Omani, na serikali ndiyo iliyompa uakida.

"Enyi watu," Akida alisema, "nimekuja na amri kutoka bomani Chole. Minazi ya mtaa huu imetobolewa na chonga kuliko ya mahali popote. Ijumaa ijayo Bwana Shauri mwenyewe, mkuu wa boma, atapita hapa. Akikuta chonga bado wanazaliana, minazi yote ya mtaa itakatwa na kuchomwa moto, ili wadudu wasifike mashamba ya Miburani."

Watu wote walipiga kelele kwa pamoja.

"Minazi yetu yote? Tule nini?"

"Mnazi wa kwanza kuzaa utauona lini tena? Nitakuwa kaburini!"

Kidawa alisogea karibu na bibi yake, aliyekuwa amefika nyuma yake akitegemea fimbo.

"Nyamazeni!" Jumbe Shamte alinguruma. "Kulia hakumtoi chonga mnazini. Chonga mkubwa yuko juu, lakini watoto wake wako chini, kwenye kila kilichooza: magogo, majani, samadi. Tukiwaacha huko, tutawatoa kileleni leo na kesho watarudi. Tuna muda hadi Ijumaa. Mnafanya, hamfanyi?"

"Tunafanya!" watu walijibu.

"Wanaume watakwea minazi na Kombo mkwezi. Wanawake watazoa mataka na kuyachoma. Watoto watachimbua mabuu. Na mtaa utakaokuwa wa mwisho kusafisha utawapikia wengine wali wa nazi."

Hapo watoto walishangilia. Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini, pande mbili za Ndagoni, walikuwa na ugomvi wa ngoma na mpira wa makuti tangu zamani, na hakuna aliyekuwa tayari kumpikia mwenzake.

Siku zilizofuata Ndagoni ilichemka. Kombo mkwezi alikwea mnazi baada ya mnazi, akiwa na chuma chembamba chenye ncha iliyopinda. Alikiingiza katika tundu, akakizungusha, akavuta, na chonga akatoka anapiga mateke. Kila alipomtupa chini, watoto waliruka wakampondaponda kwa mawe. Wanawake walijifunga kaniki viunoni, wakabeba makapu ya mataka huku wakiimba:

"Chonga mwenye pembe, leo huna pa kulala,
Ulikula moyo, na sisi tunakula wali!"

Kidawa na shoga yake Mwanahalima walichimbua mabuu katika majani yaliyooza. Mabuu wale walikuwa weupe, wanene, wamejikunja. Mwanzoni Mwanahalima alifumba macho kila alipowagusa. Siku ya pili aliwazoa kwa viganja kama mchele. Waliwamwagia kuku, na kuku wa Ndagoni hawajapata kushiba vile tangu waumbwe. Kishungi alinenepa, akaacha hata kuliwazia jiko.

"Mtaa wa Chini watatupikia mwaka huu!" Mwanahalima alipiga kelele.

"Na mimi nitaomba ukoko!" Kidawa alijibu, wakacheka mpaka wakaketi chini.

Lakini mahali pawili hapakuguswa. Pa kwanza ni lile gogo. Jumbe Shamte alikwenda mwenyewe kulizungumzia.

"Hodi, bibi."

"Karibu, jumbe. Keti."

"Sitaki kukaa, nina haraka. Nimekuja kwa ajili ya hili gogo."

"Gogo lipi?" Bibi Mize aliuliza, huku amelikalia. "Huyu ni Matano. Mtu atakayemgusa, anigusa mimi."

Jumbe alikohoa, akatazama miguu yake, akaaga. Ndagoni nzima ilimheshimu Bibi Mize, kwa kuwa alikuwa mkunga, na nusu ya watu wale, pamoja na jumbe mwenyewe, walipokewa duniani na mikono yake.

Pa pili ni zizi la ng'ombe la Akida Awadh. Nyuma ya zizi lile palikuwa na rundo la samadi la miaka mingi, limefika kifuani kwa mtu mzima. Kila mmoja aliliona, na kila mmoja alipita akitazama mawingu. Nani amwambie Akida kwamba kwake ni kuchafu? Jumbe aliwaachia wazee, wazee wakamwachia jumbe.

Siku ya Jumatano kazi ilikuwa karibu kwisha. Hata hivyo, Kombo aliposhuka kwenye minazi aliyokwisha isafisha, alikuwa na chonga wapya mkononi.

"Hawa wametoka wapi?" alisema kwa hasira. "Hizi mbawa ni laini, bado mbichi. Kuna mahali wanazaliwa hapa hapa kwetu, tena jirani."

Asubuhi ya Alhamisi Kidawa alikuwa akifagia. Alimwona Kishungi amesimama juu ya gogo, anaparua kwa nguvu. Kuku yule aliinamisha kichwa, akanyofoa kitu cheupe, akameza. Akanyofoa kingine.

Kidawa aliweka ufagio chini. Alisogea polepole, akashika gamba la gogo, akalivuta. Lilitoka lote mara moja, na ndani yake hapakuwa na mti tena. Palikuwa na unga mweusi wenye unyevu, na ndani ya unga ule mabuu walijaa tele, wakubwa kwa wadogo. Katikati yao palikuwa na chonga mzima, mweusi na pembe yake, akijiandaa kuruka.

Alilirudisha gamba haraka, akaangalia huku na huku. Hakuna aliyemwona isipokuwa Kishungi.

Siku ile chuoni alikosea sura anayoijua tangu utotoni, na maalim akamuuliza kama anaumwa. Kidawa alikuwa akifikiri. Kama akisema, mnazi wa baba yake utachomwa moto, na moyo wa bibi utachomeka nao. Hakuwa na kitu kingine cha baba yake, hata uso wake haukumbuki vizuri. Na kama akinyamaza, kesho Ijumaa minazi yote ya mtaa itaanguka.

Njiani kurudi alimkuta Mwanahalima amekaa chini ya mnazi mchanga wa kwao, macho mekundu. Kilele cha mnazi ule kilikuwa kimelala upande.

"Kombo anasema umekufa," Mwanahalima alisema. "Mwakani ndio ungeanza kuzaa. Baba alikuwa akiumwagilia maji kila siku. Chonga hao wanatoka wapi, Kidawa? Tumefanya kazi yote ile!"

Kidawa alijua wanatoka wapi. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Hakungoja zaidi, alikimbia hadi nyumbani. Bibi Mize alikuwa mahali pake pa siku zote, ukili mkononi.

"Bibi, usinikasirikie. Chonga wamo humo ulipokaa."

"Wamo wapi?"

"Ndani ya mnazi wa baba. Nimewaona asubuhi."

"Nyamaza!" Bibi Mize alisema kwa ukali ambao Kidawa hakuwahi kuusikia. "Nani kakutuma? Jumbe?"

"Hakuna aliyenituma, bibi. Mnazi wa kina Mwanahalima umekufa. Na kesho wanakuja kukata yetu yote." Aliweka mkono juu ya gogo. "Mimi pia nampenda baba."

Bibi Mize aliinuka taratibu, akashika gamba la gogo, akalivuta. Alitazama kwa muda mrefu. Buu mmoja aliangukia unyayo wake, naye hakumtikisa. Kidawa alilia, na bibi naye akafuta macho kwa ncha ya leso.

"Matano alipenda sana minazi," alisema hatimaye. "Angekuwa hai, angeshanigombeza. Niletee ukaya wangu. Twende kwa jumbe."

Barazani walimkuta Akida Awadh amefura.

"Kesho, jumbe! Kesho Bwana Shauri anakuja, na chonga bado wanaruka! Watu wako ni wavivu, na mimi ndiye nitakayeulizwa!"

"Si wavivu," Bibi Mize alisema, akijitanda ukaya wake vizuri kichwani. "Sabalkheri, Bwana Akida. Chonga wanatoka kwangu. Gogo la mwanangu limejaa. Mlichome leo leo."

Jumbe Shamte aliinuka upesi, akampisha bibi akae.

Akida alilegea kidogo. "Asante, bibi. Umejuaje?"

"Mjukuu wangu ndiye aliyeona. Kidawa, sema."

Kidawa hakupata kusema mbele ya Akida hata siku moja. Lakini alikuwa amekwisha sema lililo gumu kuliko yote, na la pili lilikuja lenyewe.

"Kuku ndiye aliyenionyesha, bwana. Tangu tuanze kazi, kuku wanapenda mabuu, na kila palipo na mabuu, nao wapo. Kishungi wetu alikuwa juu ya gogo. Lakini…" Alisita.

"Lakini nini? Sema, mwanangu," Akida alimhimiza.

"Lakini kuku wa mtaa mzima, bwana, siku hizi wanashinda zizini kwako."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Kombo mkwezi akageuza uso, mabega yakimtikisika. Akida Awadh alikunja uso, akafungua kinywa ili aseme jambo kubwa, na hapo Bibi Mize akamwahi.

"Awadh mwanangu, usimtolee macho mtoto. Mimi ndiye niliyekupokea siku ile ya mvua, ukalia mtaa mzima ukajua kuna mtu. Mimi natoa mnazi wa kitovu wa mwanangu. Wewe utashindwa kutoa mavi ya ng'ombe?"

Baraza lilipasuka kwa kicheko. Walicheka wazee, walicheka watoto, alicheka jumbe mpaka kofia ikamdondoka. Akida aliwatazama wote, mmoja mmoja. Halafu mdomo wake nao ukaanza kucheza, akashindwa kujizuia.

"Kwa hiyo mliona wote?" aliuliza.

"Tuliona, bwana," Jumbe Shamte alikiri. "Tuliogopa."

"Basi mmenikosea, na mimi nimewakosea zaidi. Naamuru usafi kwa watu, na kwangu ni chimbuko la chonga!" Akida alivua kilemba, akampa mzee aliyekuwa jirani. Akavua kanzu, akabaki na shuka. "Leteni majembe. Anayetaka samadi kwa muhogo wake aje na kapu. Aitandaze juani nyembamba, asiirundike. Twendeni!"

Hapo ndipo ilipoonekana kazi. Mbiu ililia tena, na safari hii hakuna aliyeuliza kuna nini. Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini walikutana zizini kwa mara ya kwanza bila kutukanana. Wanaume walichimba, Akida katikati yao, samadi hadi magotini. Wanawake walijaza makapu, wakapokezana kwa mstari mpaka mashambani. Watoto walizoa mabuu kwa vifuu na kuwamwagia kuku, na kuku walikula mpaka wakashindwa kutembea. Mwanahalima aliteleza akaanguka kifudifudi ndani ya samadi, akainuka akicheka, meno tu ndiyo yaliyoonekana. Rundo la miaka mingi lilipungua, likapungua, na kabla ya Alasiri ardhi ya chini ikaonekana.

Kutoka zizini watu wote walikwenda nyumbani kwa Bibi Mize. Pale hawakuimba. Kombo alipokea shoka, lakini hakulinyanyua, akamtazama bibi.

"Aanze mwana wa Matano," Bibi Mize alisema.

Kidawa alishika gamba la kwanza, akalibandua, akaliweka kando. Ndipo wanaume walipolipasua gogo, wakawatoa mabuu, wakalichoma. Bibi Mize alisimama mbele ya moto na mkono wake begani mwa Kidawa, na Akida Awadh, aliyejaa samadi mwili mzima, alisimama nyuma yao mpaka moto ukaisha.

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, Bwana Shauri alifika na askari wake. Alipita kila shamba, akichokoa ardhi kwa fimbo. Alichokoa pale palipokuwa rundo, akakuta udongo mtupu. Kombo alikwea minazi aliyoonyeshwa, akashuka mikono mitupu. Kutoka mnazi wa tatu alishuka na kuti jipya, changa, zima kabisa, halina hata jino moja. Mtaa mzima ulishusha pumzi. Bwana Shauri alilitazama, akatikisa kichwa kukubali, akamwambia Akida maneno machache.

"Minazi haikatwi!" Akida alipaza sauti.

Vigelegele vilivyopigwa siku ile viliwashtua ng'ombe wa Akida zizini. Kombo alimbeba jumbe mabegani, watoto wakazunguka wakiimba ule wimbo wa chonga, na Kidawa na Mwanahalima wakakumbatiana wakarukaruka mpaka wakaishiwa na pumzi. Kuhusu wali, hakuna aliyejua mtaa upi ulikuwa wa mwisho, basi wakapika wote na wakala wote.

Jioni, wageni walipokwisha ondoka, Bibi Mize alimwita Kidawa. Alimpeleka kivulini nyuma ya jiko, akaondoa makuti yaliyofunika kitu. Ilikuwa nazi, na kutoka ndani yake lilikuwa limechipua jani refu la kijani.

"Hii ilianguka na mnazi wa baba yako," alisema. "Niliificha. Nilikuwa sithubutu kuipanda, niliona kama nikipanda mpya nitakuwa nimekubali kwamba wa zamani umekwenda."

Waliitwa jumbe na Akida, na Jumbe Shamte akachimba shimo pale pale lilipokuwa gogo. Akida Awadh, safari hii amekoga, akatia chumvi kidogo kama ilivyo desturi. Kidawa alizoa majivu ya mnazi wa baba yake kwa viganja vyote viwili, akayamwaga shimoni, kisha akashusha mche.

"Bibi," aliuliza wakati wanafukia, "ulinikasirikia jana?"

"Nilikukasirikia, naam. Kidogo." Bibi Mize alitabasamu, akawatazama jumbe na Akida, kisha mjukuu wake. "Sikiliza, na hawa wakubwa nao wasikie. Kila nyumba ina gogo lake. Ukiliona la mwenzio ukanyamaza, na yeye akaliona lako akanyamaza, anayefurahi ni chonga. Siku mtu mmoja akisema kweli kwa adabu, na aliyeambiwa akakubali kushika jembe, hapo ndipo mtaa unapopona."

"Ndiyo, bibi," Akida alisema, kabla hata Kidawa hajajibu.

Kidawa yeye hakupata nafasi ya kujibu. Kishungi alikuwa amekwisha fika, anauparua udongo mbichi wa ule mche, na ile kazi ya tatu ilikuwa inamngoja.